Mtutu wa Stenlesi Kabla ya Makabidhiano

Jumatatu, 10 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimepanda na pikipiki hadi mashamba ya juu, karibu na msitu. Nguruwe pori wamechimbua viazi vya watu tena. Risasi mbili hewani, wakakimbia. Watarudi. Wale wana nidhamu ya kazi kunishinda mimi, afisa wanyamapori mwenye cheo na kofia.

Nimerudi ofisini Tukuyu nimelowa chapachapa. Mezani nikakuta barua. Uhamisho umekubaliwa. Singida! Nimeisoma mara tatu, ya tatu nimesimama. Miaka minne ya maombi. Miaka minne mke na watoto kule, mimi huku na ukungu.

Sharti moja. Tarehe 19 nikabidhi vifaa vyote mbele ya mkaguzi kutoka mkoani. Kikubwa ni bunduki. Ikionekana imeharibika kwa uzembe, uhamisho unasimama mpaka shauri liishe. Sina wasiwasi. Mtutu wake ni wa stenlesi.

Nimeirudisha kwenye mfuko wake, nikafunga kabati la silaha, nikaenda kumpigia mke wangu. Hajaamini. Anasema nimeshawahi kumwambia hivyo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefungua mfuko ili niisafishe kwa ajili ya mkaguzi. Vidoa kwenye mtutu. Rangi ya chai ya rangi. Nikadhani ni chai kweli, nikajilaumu kwa kunywa chai karibu na silaha. Nikapitisha kidole.

Kutu.

Kutu kwenye stenlesi! Aliyenikabidhi alisema kwa mdomo wake, hii haishiki kutu, usihangaike nayo. Sikuhangaika. Jumatatu niliitia mfukoni mbichi kwa mvua, bila hata kuifuta. Sponji ya ndani ya mfuko bado ina maji. Ukiiminya yanatoka.

Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu chuma kikipata kutu ujue kilizikwa. Huku hata sabuni haikauki.

Nimechukua stilwaya ileile ninayosugulia sufuria. Nimesugua nusu saa. Mama yangu alitufundisha wote, wavulana kwa wasichana: sufuria isiyong'aa ni aibu ya nyumba. Mtutu umeng'aa, nimejiona sura. Nimefunga kabati nikipiga mluzi.

Jumamosi, 15 Machi

Sijala tangu asubuhi.

Nimefungua kabati. Juzi vidoa vilikuwa saba au nane. Leo havihesabiki. Vidogovidogo, vyekundu, vimejaa kila mahali niliposugua. Mfuko nilikuwa nimeuacha nje ukauke, kwa hiyo si mfuko.

Nina hofu. Naiandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Siku nne zimebaki. Nimewaza kuipaka rangi. Nimewaza kusema niliipokea hivi hivi. Karatasi ya mapokezi ina saini yangu: hali nzuri, haina kasoro. Nimewaza pia kwamba kama nje kuko hivi, ndani ya mtutu kukoje. Sijathubutu kuangalia.

Mke wangu ametuma ujumbe. Mtoto wa mwisho anauliza kama baba anapenda kuku au mbuzi. Sijajibu.

Jumapili, 16 Machi

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimesema.

Nimemwambia Sista Tusekile, mama mwenye nyumba wangu hapa Ibighi. Ni nesi mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yake hospitalini ilikuwa vyombo vya upasuaji: mikasi, koleo, visu. Stenlesi vyote. Nilimkuta ametoka kanisani anamenya ndizi. Bunduki sikuibeba, nilieleza tu.

Hakuuliza habari ya mvua. Aliuliza, "Umesugua na nini, baba?"

Nikasema.

Kisu kikamtoka mkononi. "Mwe! Stilwaya! Kule kwetu ungefukuzwa siku hiyohiyo." Amecheka mpaka amekaa chini. Mimi sikucheka. Nilitaka kulia.

Kisha akanifundisha kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Stilwaya ni chuma cha kawaida. Ukisugulia stenlesi inaacha vumbi lake humo, na hilo vumbi ndilo linaloshika kutu. Stenlesi yenyewe ina ngozi nyembamba inayoilinda, ila inataka usafi na hewa. Ukiifunga mbichi kwenye kitambaa, unaikaba. Dawa: ndimu ya unga kwenye maji ya vuguvugu. Kitambaa laini. Suuza, kausha kabisa, mafuta kidogo. Usisugue kama una ugomvi nayo.

Kwa hiyo ni mimi. Si bunduki, si Tukuyu. Nimeona aibu, na aibu imenipunguzia hofu, sijui kwa nini.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda Msasani ya hapahapa Tukuyu, kwa Bwana Seif, muuza viungo. Ndimu ya unga imekwisha. Ramadhani, watu wameimaliza kwa juisi za futari. Nimesimama pale dukani kama mti. Lazima uso wangu ulisema kitu, maana aliingia ndani akarudi na nusu pakiti ya mkewe. Akasema, "Chukua. Sisi leo tutafuturu na uji, hakijaharibika kitu."

Ofisini nimefunga mlango. Nimehakikisha bunduki haina risasi, nikaangalia tena. Nimetoa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu. Nikaanza na nilichokuwa nakiogopa: nikamulika tochi ndani ya mtutu.

Safi. Nimepitisha kitambaa cheupe kwa fimbo yake ya kusafishia. Kimetoka cheupe. Nimepitisha cha pili kwa kutoamini. Cheupe. Asante Mungu.

Nje nimepaka maji ya ndimu taratibu, kipande kwa kipande. Maji ya kwenye kibakuli yamegeuka rangi. Vidoa vimeondoka. Imebaki michirizi ya stilwaya. Hiyo haiondoki. Nimesuuza, nimekausha, nimepaka mafuta, nimeiweka kabatini wazi, bila mfuko.

Jumanne, 18 Machi

Hakuna hata kidoa.

Michirizi ipo, ukiigeuzia dirishani unaiona. Fomu ya makabidhiano ina nafasi ya maelezo. Nimekaa nayo saa nzima. Nimeandika: ilipata kutu ya juu baada ya kuhifadhiwa ikiwa na unyevu, nikaisugua kwa stilwaya, nikaisafisha, ndani haina kasoro. Mkono ulikataa neno stilwaya. Nimeuandikisha kwa nguvu.

Jumatano, 19 Machi

Mkaguzi amefika saa nne. Mtu mnene, mpole, miwani yenye kamba. Amemulika ndani ya mtutu muda mrefu. Nimehesabu pumzi zangu. Ameigeuzia dirishani, ameona michirizi, akasoma maelezo.

"Umeandika mwenyewe haya?"

"Ndiyo, mzee."

Akavua miwani akaifuta. Kisha akasema nimebahatika, kwa sababu kidole chake kilikuwa kimeshaigusa michirizi na alikuwa karibu kuuliza. Angeikuta michirizi bila maelezo, angeondoka na bunduki kwenda nayo mkoani, na mimi ningebaki. Akamwelekeza afisa mpya, binti aliyetoka Dodoma juzi tu, asiihifadhi kamwe kwenye mfuko. Akasaini.

Nimetoka nje nikaegemea ukuta. Nimenunua ndizi za kuchoma tatu nikazila zote palepale, kwenye manyunyu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimempigia mke wangu mchana. Nimemwambia makabidhiano yamepita, nina tiketi ya Jumatatu. Safari hii ameamini. Nikasikia kuku wa kule, na upepo wa kule.

Kisha akasema itabidi leo aanze kuhamisha magunia ya alizeti. Nikauliza magunia gani. Akasema upande wangu wa kitanda ulikuwa unamtazama vibaya usiku, basi tangu mwaka wa kwanza, kila msimu, anauwekea magunia.

Nimemwambia ayaache. Nitayahamisha mwenyewe.