Boya la tanki la asidi

We dada, acha unachofanya unisome.

Unakumbuka nilivyobishana na meneja kuhusu kupasha moto yale matanki ya asidi? Yeye alitaka mvuke, mimi nikang'ang'ania hita ya umeme ya kuzamisha. Nikamtoa wasiwasi: kuna boya, asidi ikipungua linashuka na hita inajizima. Bila boya hita itabaki inawaka hewani, na tanki lenyewe ni la plastiki!

Sasa leo nachungulia, boya limefungwa juu kwa kamba ya kiatu. KAMBA YA KIATU, dada!

Namuuliza msimamizi wa zamu, anacheka. "Injinia, hilo linazimazima ovyo, linatuchelewesha."

Linatuchelewesha!

Nikaikata ile kamba mwenyewe. Boya likashuka, hita ikazima papo hapo. Papo hapo! Yaani asidi ilikuwa imeshapungua, na hita ilikuwa inawaka vilevile.

Nikaenda kunawa mikono.

Narudi, hakuna mtu. Taa ya hita inawaka.

Boya limefungwa tena. Safari hii kwa waya.