Dumu la Mwalimu Anyisile na Maji ya Bahari

CHAMA CHA WAPENDA SAYANSI, NJOMBE NA MAKAMBAKO
Kikao cha Kamati, Jumamosi, 14 Machi 1998
Mahali: Ghala la mitumba la Bw. Hamis, Makambako

WALIOHUDHURIA
Mwl. Clemens – Mwenyekiti
Mwl. Anyisile – Makamu Mwenyekiti (alikuja na kofia ya semina, hakuivua)
Bw. Hamis – Mweka Hazina
Bi. Oliva – Mjumbe
Mwl. Oktavia – Katibu

HAKUFIKA
Mwl. Sila. Barabara ya Bulongwa imekatika kwa mvua.

KUMB. NA. 1/98: KUFUNGUA
Kikao kilichelewa kuanza kwa sababu Mwl. Anyisile alikuwa bado anasimulia habari za Dar es Salaam. Wajumbe walikalia marobota.

KUMB. NA. 2/98: TAARIFA YA SAFARI
Mwl. Anyisile, aliyetumwa na Chama kwenye semina Dar es Salaam na kuchota maji ya bahari, alieleza kwamba ipo satelaiti ndogo, ndogo kuliko lori la Bw. Hamis, inayopita juu ya bahari na kusoma rangi ya maji. Penye kijani pana mimea midogo mno inayomeza hewa ya ukaa, na hivyo hukadiriwa kaboni iliyohifadhiwa baharini. Lakini lazima watu wachote maji saa ileile inapopita, yapimwe, hesabu zilinganishwe.

Kamati ilikwisha kuelezwa haya yote na Katibu mwezi Oktoba, neno kwa neno, na hakuna aliyepiga makofi. Safari hii walipiga.

KUMB. NA. 3/98: SIMU KUTOKA DAR ES SALAAM
Mwenyekiti alieleza kwamba wataalamu wa semina wamepiga simu. Maji ya Mwl. Anyisile yamekutwa na hewa ya ukaa kupita kiasi, mbali kabisa na hesabu za satelaiti. Wanataka mtu arudi akachote tena kabla ya Pasaka.

Mwl. Anyisile alisema satelaiti ndiyo imekosea, haiijui bahari yetu. Katibu aliuliza yeye ameijua lini. Mwenyekiti alimtaka Katibu aandike, asiulize.

Kuthibitisha maneno yake, Mwl. Anyisile alitoa dumu la maji aliyobakiza. Alipolegeza kifuniko kiliruka, povu likamwagikia robota la makoti. Bw. Hamis, mzaliwa wa Tanga, alisema bahari anayoijua yeye hainuki hivyo. Bi. Oliva alinusa mara moja tu, akasema, "Jamani, huu si ulanzi?"

Ilibainika kwamba Mwl. Anyisile aliondoka Njombe na dumu la ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kuwapelekea wenyeji wake, kama tufanyavyo. Siku ya kuchota, chupa za maabara alizisahau gesti, akachotea dumu hilohilo, kisha akazijazia chupa jioni. Alipoulizwa kama aliliosha, alijibu kwamba dumu la ulanzi halisuguliwi, masimbi yake, yale mashapo ya chini, ndiyo yanayochachusha ulanzi unaofuata. Wajumbe wote walilijua hilo, na kwamba kinachochacha hutoa hewa ya ukaa. Bi. Oliva alicheka mpaka akatolewa nje kwa muda.

KUMB. NA. 4/98: NANI ARUDI
Mwenyekiti alipendekeza Mwl. Anyisile arudi, maana ameshaizoea njia, na kazi ya bahari inataka mwanamume.

Katibu alisema yeye ndiye aliyeanza kuwaandikia wataalamu hao, na bahari hajaiona hata siku moja. Mwenyekiti alisema Katibu anasumbuliwa na wivu. Katibu alijibu kwamba ni kweli, wivu anao, tangu Mwenyekiti amteue Mwl. Anyisile mwezi Januari halali vizuri, na iandikwe hivyo. Imeandikwa.

Bw. Hamis alisema lori lake linashuka Dar es Salaam Jumanne, na mtu wa dumu halipandi tena.

Kura zilipigwa. Katibu: tatu. Mwl. Anyisile: mbili, yake na ya Mwenyekiti.

AZIMIO: Katibu aende, na chupa za maabara azishike mkononi.

KUMB. NA. 5/98: MENGINEYO
Bi. Oliva alikumbusha kwamba kofia ilitolewa kwa mwakilishi wa Chama. Mwl. Anyisile alisema haitamtosha Katibu, kwa zile nywele zake.

Katibu aliivaa mbele ya kikao. Ilimtosha.

KUFUNGA
Wajumbe walitawanyika saa 11.20 jioni, mvua ikinyesha. Mwl. Anyisile aliondoka kichwa wazi.

Mwenyekiti: (alisema atasaini akisoma vizuri) ....................
Katibu: Mwl. Oktavia (sahihi)