Mlio Ambao Baba Hakuusikia

Gereji, chumba cha nyuma
Tarehe 14 Juni

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limekuhurumia angalau upande ngazi bila kuguna. Presha ya Mama Mdogo inaendeleaje? Na mapacha, bado wanabadilishana viatu ili kuwachanganya walimu? Sisi huku tunapumua. Mama hajambo, ila hacheki kama zamani, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Masikio ya baba yamekwisha. Nimetafuta namna nyingine ya kuliandika hili nikakosa.

Wewe ulijifunza ufundi kwake, unajua alivyokuwa. Mteja alikuwa hajazima hata injini, baba yuko chini ya pikipiki nyingine, anapaza sauti: "Valvu hizo!" Na kweli zikawa valvu. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Daktari Sikio.

Basi mwezi wa nne alikuja mwalimu wa hesabu, yule mrefu aliyenifundisha mimi. Alisema kila asubuhi akiwasha pikipiki yake inagonga kwa ndani, kla-kla-kla, kama mtu anayetikisa vijiko ndani ya sufuria. Ikishapata moto, inanyamaza.

Baba akaiwasha, akatega sikio. Akaizima, akaiwasha tena. Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale, nafunga tairi, na niliusikia ule mgongano wa chuma kwa chuma waziwazi. Ilikuwa cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini, imelegea inapigapiga ukuta. Baba akainuka, akakaza skrubu moja kwenye bati la ekzosi. "Ni bati tu hili, mwalimu. Nenda salama."

Sikusema kitu. Nilijiambia si adabu kumsahihisha baba mbele ya mteja. Lakini wewe sikufichi: nilishaanza kushuku. Nilikuwa nikimwomba spana namba kumi ananipa kumi na nne. Mama akimwambia chai tayari, anajibu atakwenda kesho. Tulikuwa tunacheka, Baba Mdogo. Tulicheka miezi mingi.

Siku ya tatu cheni ilikatika mwalimu akiteremka mlima wa shule. Injini ikajifunga, gurudumu la nyuma likaganda, naye akarushwa mtaroni. Mguu umevunjika mahali pawili.

Pikipiki ililetwa kwetu juu ya mkokoteni. Baba aliifungua peke yake. Alipanga vipande vya cheni juu ya gazeti, na pembeni yake kile kidude cha kuikaza, kimelika kama kipande cha sabuni cha mwisho. Akavitazama weee, kisha akaniuliza akiwa bado ameinama, "Wewe ulisikia?"

Nikasema, "Nilisikia, baba." Hakuwa akiniangalia mdomo, kwa hiyo hakujua kama nimejibu. Ikabidi nizunguke, nipige magoti mbele yake, niseme mara ya pili. Hiyo ya pili ndiyo iliyonimaliza.

Hakufoka. Alinituma niwashe pikipiki ya muuza maziwa, ambayo nayo inagonga hivyo hivyo, halafu akafumba macho na kuinamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akifanya enzi zenu. Nikawasha. Muda ukapita. Akauliza kwa upole, "Imeshaanza kugonga?" Ilikuwa ikigonga tangu mwanzo.

Daktari amesema ni kelele za injini za miaka yote zilizoyachosha masikio, na kilichokwenda hakirudi. Amepewa kifaa cha kuvaa sikioni. Mezani kinamsaidia kidogo. Gerejini anasema kinageuza kila kitu kuwa mvua inayopiga bati. Amekiweka kabatini. Kwa hiyo ukiona anakukatia simu, usidhani ana jambo na wewe. Anaona aibu kukuambia hasikii. Mwandikie. Macho yake bado mazima, hata bei za gazetini anazisoma bila miwani na kuzilalamikia.

Tulikwenda naye hospitali kumwona mwalimu. Baba alisimama kando ya kitanda, kofia mkononi, akaomba radhi. Wodi ilikuwa na kelele za sahani na watoto wanaolia, na mwalimu ana sauti ya chini. Alisema, "Fundi, sina kinyongo na wewe. Umenitunzia pikipiki miaka mingi." Baba akaitikia kwa kichwa, machozi yanamlengalenga: "Una haki, mwalimu. Una haki kabisa."

Nje ya geti nilimweleza alichoambiwa. Hakuniamini. Anadhani nilimtungia ili nimpoze, na mpaka leo nikilirudia ananipungia mkono ninyamaze. Siku hizi hagusi injini inayowaka. Anaosha vipuri kwa petroli, anavikausha, anavipanga. Mteja akimuuliza swali, ananionyesha mimi kwa kidole.

Limebaki moja, na hili sijamwambia mtu hapa nyumbani. Jumamosi nilirudi hospitali peke yangu. Sikuweza kuendelea kuona baba akiubeba mzigo wote. Nilimwambia mwalimu kwamba siku ile nilikuwepo, niliusikia mlio, niliujua, na nilinyamaza. Aliniuliza, "Ulisikia wewe?" Nikasema ndiyo. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama darasani nilipokosa jibu nililolijua. Halafu akageuza uso ukutani. Nilisimama pale mpaka muuguzi alipokuja kusema muda wa wageni umekwisha, na mwalimu hakugeuka.

Msalimie sana Mama Mdogo, mapacha, na shangazi akipita hapo kwenu. Mwambie nguo alizotuma zilifika. Mungu akutunze ugenini, akuzidishie nguvu za mwili na utulivu wa moyo, na atukutanishe wote tukiwa hai.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Fundi Mdogo