Tulimchinja Maua Wako, Dada Orpah

Dkt. Orpah Nyakerario Bosire, Nyansiongo

Mwaka umetimia, dada, tangu ugonjwa wa siku tisa ukunyakue, na mimi mdogo wako Phanice bado sina la kukuambia ila nisamehe.

Wenzako wa maabara walisema ulikuwa wa kwanza huku kwetu kutengeneza nakala ya mnyama hai. Sisi tulikujua kwa gambuti zako za kijani, chai yako isiyo na sukari, na ulivyomkamulia mjane wa jirani ng'ombe wake kila Sabato kabla ya kanisa.

Maua alikuwa ng'ombe wa Mama, yule aliyepona ndigana mwaka mazizi yote yalipobaki tupu. Kabla hajafa kwa uzee, ulimkata kipande cha sikio ukaenda nacho maabara. Tulikucheka sana. Miaka kumi na mmoja ulihangaika nacho, mimba zikiharibika moja baada ya nyingine, mpaka akazaliwa ndama mmoja tu. Alipokua ukamleta nyumbani, ukasema ni ng'ombe kama wengine, ili watu wasije kumtazama kama kioja. Tukakuamini.

Siku ya mazishi watu walijaa mpaka kwenye majani chai. Baba mdogo Nyamongo akasema, "Mtu mkubwa hivi hawezi zikwa na kuku. Chinja ng'ombe ya boma yake."

Mama akamkumbatia yule ng'ombe shingoni. "Hapana! Huyu ni Maua wangu!"

Maua aliyekufa zamani! Tulidhani uchungu umemzidi. Mimi ndiye niliyembandua mikono nikampeleka ndani.

Mwanafunzi wako Jasper alifika tukipakua. Akapokea sahani, akatazama zizini. "Ng'ombe ya Daktari iko wapi?"

Alipoelewa, alituambia yule ndiye nakala ya Maua, akaomba kipande cha ngozi mbichi, hata cha ukubwa wa kucha, ajaribu tena. Kile cha zamani ulikuwa umekimaliza. Tulitafuta mpaka jalalani. Ngozi ilikuwa imeshapakwa chumvi na kuanikwa, kichwa kimeshababuliwa motoni.

Mama bado anaenda zizini kila asubuhi na ndoo. Hanilaumu. Heri angenilaumu.

Kipande cha sikio kilikutosha kumrudishia Mama ng'ombe wake. Sisi tumebaki na gambuti zako mlangoni, na hatujui la kufanya.

Tunaokulilia: mama yako Drusilla, baba mdogo Nyamongo, kaka yako Ochoki, Jasper na wanafunzi wenzake, nami Phanice.

Hatutakusahau mpaka asubuhi ya ufufuo, na asubuhi hiyo mimi ndiye nitakayetangulia kukuangukia miguuni.