Midomo Yote

Makao Makuu, 3 Januari 1986

Mama mpendwa,

Nagusa miguu yako. Mimi mzima, kifua chako je? Nimechaguliwa hapa kwenye makao ya madhehebu yetu kunakili nyimbo za mtakatifu wetu Rupli Mai ziwe kitabu. Miaka mia mbili tangu atuimbie, leo mtoto wa mshona viatu ndiye anayemwandika! Wimbo wetu wa bakuli ndio wa kwanza: “Bakuli moja, midomo yote safi.”

Mwanao, Khetu

Dhanori, 20 Januari

Khetu mwanangu,

Baraka kichwani pako. Kifua kinasumbua, ila mkate wa uwele bado naupiga. Hiyo “safi” imetoka wapi? Mai aliimba “midomo yote”, basi. Daftari la babu yako ninalo hapa, neno hilo halimo. Mai mwenyewe alikuwa mchuna ngozi, na sisi watu wa ngozi huitwa najisi. Kwa “safi” yenu angenywea wapi? Au ulisinzia, mvivu wee? Futa.

Mama yako

Makao Makuu, 15 Machi

Mama,

Nagusa miguu yako. Sikusinzia. Swami Achalanand, msimamizi wetu, anasema Mai alilitamka neno hilo, waimbaji ndio waliolisahau. Mzee Bhika, mmoja wao, alisimama mkutanoni akaimba kama wewe. Wakampeleka “kupumzika”. Fimbo yake bado iko mlangoni. Naogopa, Mama. Daftari usimwonyeshe mtu.

Khetu

Dhanori, 2 Aprili

Khetu,

Baraka kwako. Umechelewa. Kwenye maombi, bakuli lilipofika kwangu walilipitisha juu ya kichwa changu, nikaletewa kikombe cha bati chenye uzi mwekundu wa kukitenga. Miaka hamsini nimelinywea bakuli lile! Nililia mbele za watu, sioni haya kusema. Kisha nikawasomea daftari. Hakuna aliyenitazama. Kitabu kimeshapigwa chapa? Jibu upesi.

Mama yako

Makao Makuu, 5 Mei

Kwa Bibi Nenu,

Salamu. Kitabu kimetoka. Watu wanne watakuja Jumanne kulichukua daftari likahifadhiwe. Lifunge kwa kitambaa, uliweke kizingitini. Usimpe mtu mkononi.

Khetaram, Mwandishi

Dhanori, Jumanne, 13 Mei

Khetu,

Umeisahau miguu yangu. Sijui umeandika wewe au ni mkono wako tu. Wamefika, wamekaa uani. Nimewapelekea maji kwa bakuli letu, wala hawakuligusa. Wanasema na mimi nikapumzike. Daftari siwapi. Barua hii nampa jirani yetu Gomti dirishani.

Mama yako

Makao Makuu, 30 Juni

Mama,

Nagusa miguu yako. Nagusa miguu yako. Ile barua niliiandika wamesimama nyuma yangu. Hii ni ya tatu hujaijibu. Gomti anasema mlango wako uko wazi na viatu vyako viko kizingitini. Lile neno nimelifuta katika nakala yangu, kama ulivyoniambia. Andika, Mama, hata kama ni kuniita mvivu.

Khetu wako