Twende, Usibaki

Badoc, 9 Machi 1998

Mwanangu Clarivel,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila magoti yananisumbua. Wewe je, unakula? Naombea huo mtihani wao, wakupe kibali cha muuguzi kamili. Uliongoza wodi nzima huku kwetu Laoag, leo Singapore wanakuita msaidizi! Haya, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kuna jambo linanishangaza. Nasikia mtu akipepeta mchele jikoni. Nikienda simwoni, naikuta harufu ya sabuni yako.

Nanang wako

Singapore, 2 Aprili

Nanang,

Shikamoo. Mama, mwili mzima, namshukuru Mungu, ila nimefeli. Maswali niliyajua, yakaniponyoka kana kwamba aliyesoma ni mtu mwingine. Hata mlango wa hospitali, ule unaofunguka wenyewe, haunifungukii mpaka apite mwenzangu. Wananitania, "We Clari, hata mlango haukuoni!" Nacheka nao, lakini naogopa.

Nitarudia mtihani Juni. Nikishindwa tena, kibali kinaisha na narudishwa nyumbani. Nanang, asubuhi ile nilipoondoka, kuna aliyeiita roho yangu tufuatane, kama desturi yetu, isije ikabaki nyuma?

Mwanao, Clarivel

Badoc, 20 Aprili

Mwanangu,

Pole sana. Hakuna aliyeiita. Dereva alikuwa anapiga honi, nawe ukasema hayo ni mambo ya kizee. Umekwenda wewe, roho imebaki kwangu.

Sasa haijifichi tena. Inakaa mezani, naiwekea wali. Osang, jirani yetu, ananicheka: "Pacing, unaongea na nani?" Namjibu, na binti yangu. Tangu baba yako afe sijawahi kuwa na furaha hivi. Nikiiambia iende, nitabaki na nani? Feli tu, mwanangu, urudi. Nisamehe, ndivyo moyo unavyosema.

Nanang wako

Singapore, 5 Mei

Nanang,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikalia. Mzee ninayemlisha kaniambia, "Binti, mikono yako baridi kama ya maiti." Nikirudi hivi, utampokea nani? Nakuomba, shika gauni langu, simama mlangoni uite, kisha ulitume huku. Mimi pia nakupenda.

Mwanao, Clarivel

Badoc, 18 Mei

Mwanangu,

Nimefanya. Nilisimama kizingitini na gauni lako, nikaita kama mama yangu alivyoniita mimi: "Clarivel, twende, usibaki! Twende!"

Osang akapiga kelele kutoka uani: "Wee Pacing! 'Twende' husema anayesafiri na roho! Wewe mwambie aende!" Tukacheka mpaka machozi, lakini neno lilishatoka.

Nyumba sasa kimya. Gauni ndilo hili. Nimechoka kidogo, na ajabu, magoti hayaumi. Nikitembea sijisikii uzito.

Nanang wako

Singapore, 30 Juni

Nanang,

Shikamoo. Habari za nyumbani? Nimefaulu! Kibali kipya kimetoka, kimeandikwa muuguzi. Tangu gauni lifike, chakula kina ladha na mikono ina joto.

Ila barua zako zimekatika. Nimemwandikia Osang, naye kimya. Na jana mgonjwa mpya, bibi wa Kichina, kaniambia, "Nesi, mpe mama yako kiti. Tangu asubuhi anakufuata, na miguu haina viatu." Nikamuuliza, mama gani? Akanyoosha kidole nyuma ya bega langu.

Kiti nimeweka. Lakini Nanang, kama una mkono wa kushika kalamu, niandikie hata neno moja. Nataka sana kusikia kwamba uko nyumbani.

Mwanao, Clarivel