Dawa Yako Haiui Utitiri

Njombe

Kaka Suleiman,

Assalaam alaykum. Kutoa salamu ni sunna, sitoiacha kwa ajili yako. Mama nshamsikia kwa simu, miguu imepoa, alhamdulillahi. Wewe sikuulizi hali.

Umemwambia Mama kwamba nimekuaibisha mbele ya wakubwa wa kampuni yako. Hukumwambia nimefanya nini. Basi nakuandikia, na ukishasoma, umsomee na yeye.

Unajua kazi yangu hapa shambani ni kujaribu dawa za utitiri, vidudu vidogo kuliko chembe ya chumvi, vinavyofyonza majani ya mitufaa, hii ya maepo, siyo ile yetu ya Unguja. Ulipoleta dawa mnayouza, nliipiga mstari mmoja wa miti. Mstari wa pili nkaupiga maji matupu. Kila wiki nlichuma majani nkahesabu kwa kioo cha kukuzia, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Wiki ya kwanza utitiri ulipungua. Nlifurahi, wallahi, kwa kuwa ni dawa ya kaka yangu. Wiki ya nne ukawa mwingi kuliko kwenye miti ya maji, maana dawa yako imeua na wadudu wanaoula.

Ukaja mwenyewe, ukanitaka niandike ya wiki ya kwanza tu. Nlipokataa ukanambia, "Bila mimi ungekuwa unafunga mwani Kiwengwa."

"Mwani huo ndio uliokusomesha," nlikujibu.

Ukachana ukurasa wa wiki ya nne mbele yangu, ukaondoka. Sikulia. Asubuhi nlimwita msimamizi wa shamba, tukahesabu upya pamoja, mti kwa mti, na hali ilikuwa mbaya zaidi. Ripoti imekwenda kwa wakubwa wako na saini zetu wawili. Hiyo ndiyo aibu yako.

Sasa nasikia umempelekea Ami Khamis madumu mawili ya dawa hiyo hiyo, apige shamba lake la tungule kule Fumba. Mzee wa watu anakuamini kwa sababu wewe ni mtoto wa nduguye. Nshampigia. Hajayafungua, na hatoyafungua. Amesema uende ukayachukue, na uende mwenyewe, usitume mtu.

Mama mpe mkono wangu. Nisalimie shangazi Bi Zuhura na mkeo Rukia, ambaye hana kosa.

Nduguyo, upende usipende,
Maryam